Mvua Tunaipima, Mvuke Nani Anaupima?

Mwezi wa Agosti, katika kituo cha hali ya hewa kwenye nyanda kavu za kati, kazi ya mpima mvua ni kuandika sifuri. Saa tatu kamili asubuhi huenda kwenye kipimamvua, hutoa chupa, huikuta kavu, hurudi kwenye daftari na kuandika 0.0. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Atakayelifungua daftari hilo mwisho wa kiangazi atadhani kwamba kwa miezi mitano hapakupita neno lolote kati ya mbingu na ardhi ile.

Kumbe yamepita mengi. Lambo lililokuwa limejaa mwezi wa Mei limebaki tope lililokanyagwa na ng'ombe. Nyasi zimekauka hadi shinani na visima vifupi vimeshuka. Maji hayo hayakuibwa na mtu, na mengi yake hayakwenda mtoni. Yalipanda. Yaliondoka kimya kimya, mchana baada ya mchana, kila tone likibeba joto lake, na hakuna aliyeyaandika.

Katika sehemu nyingi za savana ya Afrika Mashariki, zaidi ya robo tatu ya mvua hurudi hewani kwa njia hiyo: kwa kukauka juu ya udongo na madimbwi, au kwa kunywewa na mizizi na kutolewa na majani. Mito yetu, mabwawa ya umeme na mabomba ya mijini vyote vinaishi kwa kile kidogo kinachobaki. Hata hivyo ukitafuta takwimu, za mvua utazipata kwa wingi, za kina cha mito utazipata kwa miongo kadhaa, na za mvuke utaambulia makadirio. Tunafanana na mwenye duka anayeandika mzigo unaoingia na kuacha kuandika unaotoka. Siku ya kufunga hesabu akikuta pengo, atamtuhumu yeyote aliye karibu. Naandika safu hii kwa sababu tuhuma za namna hiyo zimekwisha kutolewa katika nchi zetu, na waliozibeba hawakuwa na daftari la kujitetea nalo.

Bei ya mvuke

Anayetaka kulielewa jambo hili aanzie kwenye mtungi. Maji ya mtungini yana ubaridi ambao ndoo ya plastiki haiwezi kuutoa, kwa kuwa udongo wa mtungi hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, na pale nje hukauka. Kukauka huko kuna bei. Ili lita moja ya maji igeuke mvuke katika joto la kawaida la mchana, inahitaji nishati ya kilojuli 2,450 hivi, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inachotwa kwenye mtungi wenyewe na maji yaliyomo. Kuipasha lita hiyohiyo kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 335. Yaani kuyageuza maji kuwa mvuke kunagharimu zaidi ya mara saba ya kuyafikisha kwenye mchemko. Kila mpishi analijua hili bila kulihesabu: sufuria huchemka upesi, lakini mpaka ikauke imekula mkaa mwingi.

Ardhi nayo ni mtungi, tena mkubwa. Jua likishaipiga, sehemu huakisiwa, na ardhi yenyewe hurudisha joto lake angani. Kinachobaki hugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza huingia udongoni na kuupasha. La pili huipasha hewa iliyogusana na ardhi, na hilo ndilo joto tunalolihisi usoni. La tatu hugeuza maji kuwa mvuke. Hili la tatu halihisiki, kwa sababu limefichwa ndani ya mvuke, likisubiri kutolewa juu mawinguni pale mvuke utakapogeuka tena kuwa matone. Mwaka 1926 mwanafizikia wa Marekani, Ira Bowen, alionyesha namna ya kukadiria uwiano wa fungu la pili kwa la tatu, na hadi leo uwiano huo unaitwa kwa jina lake. Juu ya bahari ya tropiki uwiano ni karibu 0.1, kwa kuwa karibu nishati yote huishia kwenye mvuke. Kwenye nyika kavu unaweza kupita 2, na jangwani ukafika 10.

Simama saa nane mchana kwenye lami ya Kariakoo, kisha vuka uingie chini ya mwembe. Jua ni lilelile. Mbali na kivuli chake, mwembe unalipa sehemu ya deni la jua kwa mvuke unaotoka majanini. Lami haina maji ya kulipia, kwa hiyo deni lote linaangukia hewa na miguu ya wapita njia. Tunapokata miti, kufukia mabwawa na kuezeka mji mzima kwa bati, hatuongezi jua hata chembe. Tunahamisha fungu la mvuke kwenda kwenye fungu la joto.

Ndiyo maana nasema daftari la maji na daftari la joto ni daftari moja. Milimita moja ya maji ikipanda kutoka mita moja ya mraba ni lita moja, na milimita moja kwa siku ni sawa na wastani wa wati 28 za nishati, usiku na mchana. Anayeukosea mvuke amekosea maji ya bonde lake na joto la mji wake kwa mara moja.

Kiu na kinywaji

Chombo cha zamani kilichoenea vituoni mwetu ni sufuria ya uvukizaji: beseni la bati lenye kipenyo cha sentimita 121 na kina cha sentimita 25, lililowekwa juu ya fremu ya mbao, na maji yake hupimwa kila asubuhi kuona yamepungua kiasi gani. Ni chombo rahisi na chenye manufaa, lakini sufuria haikosi maji, kwa sababu mpimaji huijaza. Kwa hiyo inachopima ni kiu ya hewa. Kinywaji ambacho hewa imekipata kweli kutoka shambani ni jambo jingine. Dodoma mwezi wa Oktoba kiu ni kubwa kupita kiasi, na kinywaji ni haba, kwa kuwa udongo hauna cha kutoa. Ripoti nyingi za miradi ya maji huchanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo hesabu huanza kupinda.

Mwaka 1948, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, Howard Penman aliunganisha jua, upepo, joto na unyevu wa hewa katika kanuni moja ya kukadiria uvukizaji. Mwaka 1965 John Monteith aliiongezea mmea wenyewe: vitundu vidogo vya majani ambavyo hufunguka asubuhi na kujibana mmea unapozidiwa na ukame. Kanuni ya Penman na Monteith ndiyo ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliifanya kipimo rasmi mwaka 1998, na ndiyo mhandisi wa umwagiliaji anayoitumia leo kuamua mfereji uwe na upana gani. Ni kanuni nzuri. Lakini hupokea hali ya hewa na kutoa jibu. Mvuke wenyewe haijauona.

Ili kuuona mvuke kuna njia mbili za kuaminika. Ya kwanza ni lisimita: sanduku kubwa la udongo, na mimea yake juu, limezikwa shambani huku likikaa juu ya mzani. Likipungua uzito bila maji kutoka kwa chini, kilichopungua kimepanda hewani. Usahihi wake ni mkubwa, ila linasema habari za mita chache za mraba tu.

Ya pili ni mnara, na wazo lake liliandikwa kwa ukamilifu mwaka 1951 na William Swinbank, aliyefanya kazi Australia. Upepo hauendi kama maji ya bomba. Tazama vumbi la kiangazi au moshi wa shamba linalochomwa, utaona hewa ikijizungusha, visulisuli vikubwa kwa vidogo, vingine vikipanda na vingine vikishuka. Sasa chukulia umesimama kwenye lango la soko. Kwa siku nzima wanaoingia ni sawa na wanaotoka, maana hakuna anayelala humo. Ukihesabu vichwa utasema hakuna kilichotokea. Tazama vikapu. Wanaoingia vikapu vyao ni vyepesi, wanaotoka vimejaa. Bidhaa zinatoka sokoni ingawa watu hawapungui.

Hewa juu ya shamba hufanya hivyo hivyo. Inayopanda na inayoshuka ni karibu sawa kwa wingi, lakini inayopanda imetoka kugusa shamba na imebeba mvuke zaidi kidogo. Kwenye mnara hufungwa kipimaupepo cha mawimbi ya sauti, ambacho husoma mwendo wa hewa juu na chini, na pembeni yake kihisi cha mvuke. Vyote viwili husoma mara 10 hadi 20 kwa sekunde. Kila mara, tofauti ya mwendo na wastani wake huzidishwa na tofauti ya mvuke na wastani wake, kisha mazao hayo hufanyiwa wastani wa nusu saa. Jibu ni maji yaliyopanda kutoka kwenye kila mita ya mraba ya shamba. Ukiweka jotoridi mahali pa mvuke, unapata fungu la pili la jua. Ukiweka kaboni dioksidi, unajua msitu umevuta kiasi gani.

Nisiufanye mnara kuwa nabii. Ukijumlisha mafungu yaliyopimwa, mara nyingi hayafiki nishati iliyopokewa, na pengo la asilimia 10 hadi 30 limeonekana katika vituo vya kila bara. Usiku mtulivu visulisuli hulala. Kwenye miteremko hewa baridi huteleza chini bila kupita mbele ya vihisi. Mnara unataka ardhi tambarare yenye uoto wa aina moja kwa mamia ya mita upande wa upepo, na mvua ikivilowesha vihisi, saa za data hupotea. Lakini pengo linalojulikana na kuandikwa ni tofauti na daftari lisilokuwapo.

Mabonde mawili ya Mbeya

Wengi wanaoingia leo katika fani hii hawajui kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuwa mstari wa mbele. Huko Muguga, karibu na Nairobi, kulikuwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Charles Pereira na wenzake walitega mabonde madogo katika nchi zote tatu ili kujibu swali ambalo bado linatusumbua: ukiondoa uoto wa asili na kuweka kitu kingine, maji yanakuwaje? Kericho msitu ulipisha chai. Kimakia, kwenye milima ya Aberdare, mianzi ilipisha misonobari. Atumatak, Karamoja, swali lilikuwa malisho yaliyochakaa. Na Mbeya yalichaguliwa mabonde mawili ya jirani milimani, moja la msitu wa asili na jingine la mashamba ya wakulima kwenye mteremko mkali.

Walipima mvua, walipima kijito, walipima unyevu wa udongo. Kilichokosekana kwenye hesabu kilikuwa mvuke, nao wakaulinganisha na kanuni ya Penman. Mwaka 1965 mwenzao J. S. G. McCulloch alichapisha majedwali ili ofisa asiyekuwa na mashine aweze kuitumia kanuni hiyo kwa penseli. Kericho lilijengwa lisimita ndani ya chai.

Bonde la msitu la Mbeya lilitoa maji machache zaidi kijitoni kuliko bonde la mashamba, hata wakati wa kiangazi. Msitu una majani mwaka mzima, mizizi yake inafika chini sana, na sehemu ya mvua hukauka majanini kabla haijagusa ardhi. Mahindi yakishavunwa, shamba halinywi tena. Nako Kericho, chai ilipokwisha kufunika ardhi, unywaji wake haukuwa mbali na wa msitu, na misonobari ya Kimakia ilipofungamana ilikuwa karibu sawa na mianzi.

Matokeo ya Mbeya hayapendezi masikioni mwetu tuliolelewa na kaulimbiu kwamba miti huleta maji. Ni lazima yasomwe yote. Udongo wa milima ile ni wa majivu ya volkano, unaonyonya maji kama sifongo, kwa hiyo hata palipolimwa mvua ilizama badala ya kuporomoka. Kwenye udongo mgumu unaofunga juu, bonde lililokatwa miti lingetoa mafuriko masika na ukavu kiangazi. Tena mvuke wa msitu haupotei duniani. Hubebwa na upepo kwenda kuwa mvua ya mtu mwingine. Anayepanda miti kwenye chanzo cha maji afanye hivyo kwa kujua analinda nini na analipa nini: analinda udongo, kivuli na viumbe, na mara nyingi analipa kwa maji. Aina ya mti na aina ya udongo ndizo zinazoamua bei.

Vipimo vile viliendelea hadi mwaka 1974. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika lile likavunjika nayo. Uzi ukakatika hapo.

Barafu inayoondoka bila kuyeyuka

Kilimanjaro ilikuwa na barafu ya takriban kilomita 12 za mraba mwaka 1912. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa chini ya kilomita 2. Maelezo ya barazani yalikuwa mawili: ama joto limeiyeyusha, ama wanakijiji wa chini wamekata msitu na kuikausha hewa ya mlima.

Mwezi wa Februari 2000, Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimika kituo cha vipimo juu ya barafu ya kaskazini, karibu na kilele. Pale wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao walipoifanyia barafu hesabu ileile ya mafungu ya jua, waliona kwamba sehemu kubwa yake inageuka mvuke moja kwa moja, bila kupita kwenye maji. Njia hiyo inagharimu kilojuli 2,830 hivi kwa kila kilo, wakati kuyeyusha kunagharimu 334 tu, zaidi ya mara nane pungufu. Walihitimisha kwamba ugonjwa mkuu wa barafu ile ni hewa kavu na theluji haba tangu mwishoni mwa karne ya 19. Theluji mpya ni nyeupe na huakisi jua. Ikikosekana, barafu ya zamani hubaki wazi na kulinywa. Chanzo cha ukavu huo wanakiona kwenye mabadiliko ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo mlima haukuwekwa kando ya mabadiliko ya tabianchi. Umeelezwa tu kwa usahihi zaidi. Na kuhusu ule msitu wa chini, utafiti wa Mölg na wenzake uliotoka mwaka 2012 ulionyesha kwamba mchango wa ukataji wake katika kupungua kwa barafu ni mdogo. Msitu wa Kilimanjaro una sababu nyingi za kulindwa. Lakini mkulima wa Kichagga alikuwa amebebeshwa mzigo ambao vipimo havikuuona mabegani mwake.

Tuhuma za Ihefu

Kuanzia mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko walijibana kwenye madimbwi, samaki walikufa, na bwawa la Mtera, linalolishwa na mto huo, likawa habari ya kila mgao wa umeme. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika ukame na giza, iliamuliwa kwamba wafugaji waondoke na mifugo yao katika bonde la Usangu. Maelfu ya ng'ombe walihamishwa kuelekea kusini. Hoja iliyotangazwa ilikuwa nyepesi kueleweka: ng'ombe ni wengi, wanakanyaga ardhi oevu, wanakausha mto.

Ukweli ni kwamba uchunguzi mkubwa wa bonde hilo ulikuwa umekwisha kufanyika kati ya 1998 na 2001, na haukuona ng'ombe kuwa chanzo cha kukatika kwa mto. Uliona mifereji. Wakati wa kiangazi, mito midogo inayoshuka kutoka milima ya kusini ilikuwa inageuzwa karibu yote kuingia kwenye majaruba na vijiji, na maji yaliyokuwa yakifika kwenye bwawa la asili la Ihefu yalikuwa hayatoshi tena.

Hayatoshi nini? Hapa ndipo mvuke unapoingia. Ihefu ni kama beseni lenye ukingo wa jiwe upande mmoja, pale N'giriama. Maji hutoka kwenda mtoni pale tu yanapozidi kimo cha jiwe hilo. Beseni lenyewe liko wazi juani. Kila kilomita moja ya mraba ya maji na matete, ikitoa milimita 6 kwa siku, inapoteza mita za ujazo 6,000: maboza 600 ya lita 10,000, kila siku. Watafiti waliofuatia walikadiria kwamba ili mto uendelee kutiririka kwa nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde mwisho wa kiangazi, Ihefu inahitaji kupokea kama mita za ujazo 7 kwa sekunde. Katika kila ndoo kumi na nne zinazoingia, moja ndiyo inayovuka jiwe. Zilizobaki karibu zote ni za jua. Upunguze kinachoingia kidogo tu, kimo kinashuka chini ya jiwe, na mto unakatika kabisa. Ng'ombe anakunywa lita kadhaa kwa siku. Hawezi kushindana na jua.

Kuna funzo la pili Usangu, na linawahusu wakulima wa mpunga. Kwa miaka mingi tumesema mifereji ya udongo inapoteza maji, na dawa ni kuisakafia kwa zege. Lakini maji yanayovuja mferejini mengi yake huibukia chini, kwenye shamba la jirani au mtoni. Bado yako bondeni. Yaliyoondoka bondeni kweli ni yale yaliyopanda hewani. Mkulima akisakafia mfereji, kisha akatumia maji aliyookoa kupanua majaruba, jirani wa chini atapata maji pungufu kuliko zamani, ingawa kila ripoti itasema ufanisi umepanda. Kibali cha kutumia maji kinataja lita anazochota mtu mtoni. Hakitaji anazozipeleka hewani, na hizo ndizo zisizorudi.

Upepo hauna mpaka

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Maji yake mengi huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi hutoka kwa kupanda hewani. Mito, pamoja na Nile, ni sehemu ndogo ya hesabu. Mtu na achukue penseli. Tukikosea uvukizaji wa ziwa kwa milimita moja tu kwa siku, tumekosea mita za ujazo karibu 800 kwa sekunde, kiasi kinachokaribia mtiririko wa kawaida wa Nile inapotoka ziwani Jinja. Mataifa yanabishana kuhusu milango ya bwawa la Jinja huku kosa la milimita moja hewani likiwa na uzito kama wa mto wenyewe.

Na mvuke ukishapanda, hauombi pasi ya kusafiria. Upepo wa mashariki huuchukua mvuke wa Bahari ya Hindi na wa ardhi zetu kuupeleka magharibi, na ni mojawapo ya vyanzo vya mvua ya bonde la Kongo, ambako msitu nao huurudisha tena na tena. Mwaka 2020 huko Yangambi, kando ya Mto Kongo, ulisimamishwa mnara wa mita 55 unaopima mvuke, joto na kaboni ya msitu ule. Skukuza, Afrika Kusini, mnara umekuwapo tangu mwaka 2000. Kapiti, Machakos, malisho yanapimwa. Ni hatua za kushukuru. Lakini bara letu lina minara michache mno ukilinganisha na Ulaya na Marekani Kaskazini, na kanuni zinazotabiri ukame wetu zimefundishwa kwa sehemu kubwa na misitu na mashamba ya kwao.

Setilaiti zinasaidia. Tangu mwaka 2017 FAO imetoa bure ramani za uvukizaji wa Afrika zinazotokana na picha za setilaiti, na zinaonyesha hadi kiwango cha shamba. Lakini setilaiti haioni mvuke unaopanda. Huona joto na rangi ya ardhi, kisha hukisia mgawanyo wa mafungu. Bila mnara wa kuisahihisha chini, mwenye kukisia hana wa kumwambia amekosea.

Napendekeza mambo yanayowezekana. Sufuria za uvukizaji zilizopasuka vituoni zizibwe, na wasomaji wake wathaminiwe. Makaratasi ya Muguga na ya mabonde yale yaingizwe kwenye kompyuta kabla mchwa hawajayamaliza. Minara michache isimikwe pale penye mgogoro: majaruba ya Usangu na ukingo wa Ihefu, Mwea, kisiwa cha Ziwa Victoria, miombo ya Tabora, msitu wa Mau. Kila mnara uwe na fundi wa hapo hapo mwenye mshahara wa kudumu, kwa sababu mradi wa miaka mitatu ukiisha, mnara bila fundi hugeuka chuma chakavu. Na takwimu zake zifike kwa jumuiya za watumia maji, kwa lugha na kwa kipimo wanachokijua: maboza kwa siku, kwa kila ekari.

Daftari lile la Agosti lina nafasi ya kutosha kuchora mstari mwingine, pembeni ya sifuri zile. Hapo patakuwa na milimita 2, na 3, na 1, jinsi udongo unavyokauka, siku baada ya siku, hadi mvua za kwanza. Mfugaji wa Usangu au mkulima wa Mbarali atakapoambiwa tena kwamba yeye ndiye aliyekausha mto, awe na ukurasa wa kuufungua mbele ya wote na kuuliza: maji yaliyopanda ni kiasi gani, kutoka wapi, na lini?